Shafti moja, kutoka kwenye mchoro mpaka mkononi

Ukiangalia zile video za CNC, mashine zinazoendeshwa na kompyuta, kulanti (maji ya kupozea) inamwagika, kipande kinatoka kinang'aa, unaweza ukadhani kazi yote imefanywa na mashine. Ila kipimo kinapatikana au kinapotea mapema sana, pale unaposoma mchoro na kuamua uanze kukata wapi, uishikie wapi kazi, na sehemu zipi zikatwe bila kuifungua. Ukiharibu hapo, hata uwe na mashine ya bei mbaya utatoa kipande kizuri cha kupiga picha ambacho hakiingii panapotakiwa. Kwa hiyo ntaelezea kwa kufuata kitu kimoja, shafti ya kawaida, na njiani ntagusa kidogo mambo ya kuchonga kwa endimili, kifaa cha kukatia chenye meno kinachozunguka, maana sio kila kazi ni ya duara.

Shafti yenyewe iko hivi: urefu milimita 160, katikati kipenyo 32, kila upande wa hiyo 32 kuna sehemu ya kipenyo 25 ambapo inakaa beringi ya 6205, halafu upande mmoja inaendelea na mkia wa kipenyo 22 wenye mfereji wa kii, kile kipande kinachozuia puli isizunguke peke yake. Chuma ni C45, kaboni ya wastani, kinakatika vizuri hakina visirani.

Mchoro kwanza

Usianze na picha, anza na kile kiboksi cha maelezo kwenye kona ya chini. Angalia vipimo ni milimita au inchi, chuma gani, na ile alama ndogo ya koni inayoonyesha michoro imepangwaje. Hiyo alama watu wanairuka sana. Marekani wanapanga mtazamo wa kulia upande wa kulia, Ulaya kwa kawaida mtazamo wa kulia unachorwa kushoto, sasa usipoangalia unaweza kuchonga kipande kizima kikawa kinyume, vipimo vyote sahihi kabisa na hakifai kitu. Kwa shafti sio shida kubwa, kwa braketi yenye matundu upande mmoja ni kilio.

Kwenye kiboksi hichohicho mara nyingi kumeandikwa ISO 2768-m. Maana yake ni kwamba kipimo chochote ambacho hakijaandikiwa toleransi yake, yani kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, kinafuata jedwali la kiwango cha kati: kuanzia milimita 6 hadi 30 unaruhusiwa ±0.2, zaidi ya 30 hadi 120 ni ±0.3, zaidi ya 120 hadi 400 ni ±0.5. Kwa hiyo ule urefu wa 160 una nafasi ya milimita nzima, na ile 32 ya katikati inaweza ikawa 31.8 na hakuna mtu atakulaumu. Usipoteze asubuhi yako hapo.

Sasa chukua kalamu ya rangi, pakaa zile sehemu chache zinazobana. Kwenye shafti yetu ni hizi: 25 k6 mara mbili, 22 h6 ya mkia (hizo herufi na namba ni kodi za toleransi), mfereji wa upana 6 unaotakiwa uwe kati ya 5.970 na 6.000, na kuna kiboksi kinasema zile sehemu mbili za beringi zikizungushwa pamoja zisiyumbe zaidi ya 0.02. Vingine vyote ni chuma tu.

Hiyo k6 tuisome vizuri. Kwenye kipenyo 25, k6 inataka shafti iwe kati ya 25.002 na 25.015. Dirisha lote ni 0.013. Tundu la beringi ya kawaida ya saizi hiyo linakuwa kati ya 24.990 na 25.000, kwa hiyo shafti siku zote ni kubwa kuliko tundu, kwa uchache 0.002 na kwa wingi 0.025. Ndo maana beringi inaingia kwa kubanwa, na ndo maana ringi ya ndani haitambai juu ya shafti mzigo ukija. Ukichonga 24.99 beringi itaingia kwa mkono, utafurahi, halafu baada ya muda ringi itaanza kuzunguka yenyewe na kuila shafti. Ukichonga 25.04 utaipiga mpaka iingie, ringi itatanuka, ile nafasi ndogo ya vigololi itaisha na beringi itachemka.

Kuna kitu kingine kidogo hapo ambacho michoro mingi inakiandika kwa herufi ndogo mno: kona ya bega, pale 25 inapokutana na 32. 6205 ina kona iliyokatwa ya milimita 1, kwa hiyo mviringo wa kona ya shafti usizidi 1. Inseti, kile kibamba kidogo cha kukatia, yenye ncha ya mviringo wa 0.8 itakuachia 0.8, safi. Ukitumia inseti ya 1.2 kwa sababu ndo iko kwenye kishikio tayari, beringi itapanda kwenye ule mviringo na haitalala kwenye bega, na utaangalia kipenyo, kiko sawa, utaangalia urefu, uko sawa, utabaki unajiuliza mbona beringi imekaa upande.

Hapa pia ndo mahali pa kuongea na aliyechora. Mtu wa ofisini akiwa na programu ya kuchorea anaweza kuweka ±0.01 kwenye kifuniko cha vumbi kwa sababu ndo iliyokuja yenyewe kwenye skrini. Muulize, inabeba nini? Mara nyingi atasema ah weka tu ya kawaida. Vilevile mfuko wenye kona za ndani kali kabisa hauchongeki kwa endimili, kifaa ni cha duara na kona itabaki na nusu ya kipenyo chake, kwa hiyo kama kweli anataka kona kali itabidi iende kwenye mashine ya kukata kwa cheche na gharama inabadilika. Ni bora aseme kabla. Na akiweka mfuko wenye kina mara 6 au 7 ya kipenyo cha endimili inayoweza kuingia kwenye kona, mwambie mapema kwamba kuta zitatoka na mawimbi, aongeze mviringo wa kona.

Kupanga nani akatwe lini

Hii ndo sehemu ninayoipenda, na ndo wanaoanza wanaipitia mbio.

Ukiifunga shafti kwenye leizi, mashine inayozungusha kazi yenyewe, kwa chaki ya meno matatu, kile kishikio chake, ukakereza upande mmoja, ukaigeuza, ukakereza wa pili, kila upande peke yake utakuwa duara zuri. Lakini chaki ya meno matatu iliyotumika kidogo inaweza kuyumba 0.05 hadi 0.1 kila unapofunga upya, na wewe unaruhusiwa 0.02. Hapo umeshashindwa kabla hujakata. Kwa hiyo jibu linajulikana tangu zamani: toboa tundu la senta kila ncha, halafu ibebe shafti kati ya senta mbili, zile ncha za koni za mashine, izungushwe kwa kishikio kilichofungwa pembeni. Ukiigeuza, mhimili ni uleule kwa sababu matundu ni yaleyale. Sehemu zote mbili za beringi zinafuata mstari mmoja.

Mpangilio wangu kwa hii kazi ungekuwa hivi. Kata kipande cha nondo ya duara ya 35, urefu kama 164. Sawazisha ncha zote, toboa matundu ya senta, fikisha urefu. Kisha toa nyama: kila sehemu iache na ziada ya milimita 1 hivi kwenye kipenyo. Kisha peleka kwenye mashine ya kuchonga, ile ya endimili, kata mfereji wa kii. Kisha ndo urudi kumalizia 25, 25 na 22.

Kwanini mfereji uje kabla ya kumalizia? Chuma kilichovutwa baridi kina mkazo umejifungia ndani, ukikikata upande mmoja tu ule mkazo hauko sawa tena na shafti inapinda kidogo. Kupinda kwa 0.03 hakuonekani kwa macho ila kunatosha kuua ile 0.02 yako. Ukikata mfereji mwanzo, ipinde ikitaka, ile ziada uliyoacha itafuta mambo yote ukija kumalizia. Tahadhari tu, ziada ikitoka kina cha mfereji kinapungua: kwa kii ya 6×6 kina kwenye shafti ni 3.5 kutoka kwenye kipenyo cha mwisho cha 22, kwa hiyo kama bado una 23, kata 4.0. Hii hesabu iandike kwenye karatasi, usiibebe kichwani. Na ukija kumalizia mkia inseti itakuwa inagonga ule mfereji kila mzunguko, kwa hiyo chagua inseti isiyo ya kuvunjika ovyo.

Kwa vipande vya mraba kanuni ni hiyohiyo ila inavaa nguo nyingine. Nyumba ya beringi yenye matundu mawili ya 52 H7, yani 52.000 hadi 52.030, matundu yote mawili yabori kwenye ufungaji mmoja, ikiwezekana toka upande mmoja. Kila ukifungua jiliwa umetupa kitu.

Kushika

Kwenye mashine ya kuchonga, kabla ya chochote, weka daili geji, saa ya kupimia yenye mshale, kwenye spindo, ile sehemu inayozungusha kifaa, tembeza kwenye taya isiyotembea ya jiliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, gonga taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka mshale usicheze zaidi ya 0.01. Inachukua dakika chache na watu bado wanaikwepa. Weka kazi juu ya paraleli, vile vyuma viwili vya kimo sawa, kaza, gonga kazi ikae, halafu jaribu kuzisukuma paraleli kwa kidole. Ikitembea hata moja, kazi haijalala chini.

Kipande chembamba ukikibana sana kinapinda ukiwa umekibana, unakichonga kikiwa kimepinda, ukifungua kinanyooka na ule uso uliochonga sasa ndo umepinda. Bana kwa nguvu wakati wa kutoa nyama, halafu legeza na bana tena kidogo tu kwa kumalizia. Na kwa ringi nyembamba kwenye leizi, chonga taya laini za aluminiamu kwa kipenyo kilekile cha kazi, zishike eneo kubwa, la sivyo utapata tundu la pembe tatu ambalo kwa kalipa, ile rula yenye taya, linasoma sawa kila mahali. Usicheke, linasoma kweli.

Vifaa navyo visitoke nje sana. Kifaa kilichotokeza kikirefuka mara 2, kupinda kwake kunaongezeka mara 8, kwa nguvu ileile ya kukata. Hii habari ni ya zamani: miaka ya 1770 John Wilkinson kule Uingereza alifanikiwa kubori silinda za injini za mvuke za James Watt kwa sababu fimbo yake ya kukatia ilishikiliwa ncha zote mbili badala ya kuning'inia upande mmoja. Leo tuna vifaa vya kabaidi, vigumu sana, na kompyuta na bado mtu anatoa endimili ya 6 nje milimita 50 wakati mfuko una kina cha 12.

Spidi na mwendo

Fomula ni moja: mizunguko kwa dakika ni 1000 mara spidi ya kukata, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo. Spidi ya kukata iko kwa mita kwa dakika na unaipata kwenye boksi la inseti au jedwali la mtengenezaji. C45 kwa inseti ya kabaidi unaweza kuanza na 150, kwa kipenyo 32 inakuja kama mizunguko 1490. Kwa kifaa cha HSS, yani chuma cha spidi ya juu, usizidi 25 au 30, hapo unashuka mpaka chini ya 300. Aluminiamu kwa endimili ya kabaidi ya 10 kwa spidi ya 300 inataka mizunguko karibu 9550, mashine nyingi ndogo hazifiki, basi nenda na ya juu kabisa uliyonayo na upunguze mwendo, yani kasi ya kifaa kusogea, kwa uwiano uleule.

Mwendo kwa endimili ni mizunguko mara idadi ya meno mara unene unaokatwa na kila jino: mizunguko 3000, meno 4, 0.05 kila jino, unapata milimita 600 kwa dakika. Watu wakiogopa wanapunguza mwendo tu na kuacha spidi juu, na hiyo ni mbaya kwa sababu jino linasugua badala ya kukata, linachemka, linakufa. Stenlesi ya 304 ndo haina huruma kabisa, ukisugua inakuwa ngumu pale juu na jino linalofuata linakutana na ukuta. Kwenye stenlesi ingia na ukate, usibembeleze.

Ung'avu wa uso nao una hesabu yake, sio bahati. Kwa leizi, kimo cha vile vilima vidogo ni mwendo wa kila mzunguko ukiuzidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 8 mara mviringo wa ncha. Mwendo 0.2 na ncha 0.8: 0.04 gawanya 6.4, ni 0.00625, yani maikroni 6 na kitu. Ukishusha mwendo mpaka 0.1 inashuka hadi maikroni 1.6 hivi, robo. Hizo ni kilele hadi bonde, Ra inayoandikwa kwenye mchoro, wastani wa ukwaru, ni ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo mchoro ukitaka Ra 0.8 kwenye sehemu ya beringi unaanza na 0.1 au 0.12, usianze na msasa. Msasa unatoa ung'avu na unaharibu duara.

Programu

Kama unatumia CNC ya leizi, sehemu ya kwanza inaonekana kama hivi:

G50 S2500
T0101
G96 S180 M3
G0 X25.008 Z2 M8
G1 Z-15 F0.12

G96 inaiambia mashine ishike spidi ya kukata ileile, mita 180 kwa dakika, kwa hiyo kipenyo kikipungua mizunguko inapanda. Ukisawazisha uso mpaka katikati kipenyo kinaenda sifuri na mizunguko inataka kwenda mbinguni, ndo maana ile G50 S2500 iko juu, inafunga mwisho. Usifute huo mstari hata kama programu inafanya kazi bila yake. Chaki iliyozidishiwa mizunguko taya zake zinapoteza nguvu ya kubana, na kazi inaruka.

X kwenye leizi nyingi za CNC ni kipenyo. Kwenye leizi za mkono kuna ambazo gurudumu linasoma kipenyo na kuna ambazo linasoma nusu yake, jua yako kabla. Na kwa chamfa, kingo iliyokatwa mteremko, na ule mviringo wa bega usisahau G41 au G42, ile fidia ya ncha ya inseti. Kwa silinda iliyonyooka hutaona tofauti, ila kwenye mteremko na kona umbo litatoka sio lenyewe.

CAM, programu ya kupanga njia ya kifaa, inakuandikia haya yote siku hizi, na simulesheni inakuonyesha kifaa kinavyopita. Simulesheni haijui umeweka klampu wapi, labda uichore. Kwa hiyo mara ya kwanza endesha hewani, Z imenyanyuliwa, mkono kwenye kitufe cha kusimamisha, mwendo wa haraka umeshushwa mpaka 25% au chini. Idea yenyewe ya kuendesha mashine kwa namba ilianza na John Parsons kule Marekani aliyekuwa anahangaika na maumbo ya mabawa ya helikopta na ndege, na mwaka 1952 chuo cha MIT wakaonyesha mashine ya kuchonga inayofuata tepu iliyotobolewa. Tangu hapo mashine imekuwa ikifuata kila kitu tulichoandika, pamoja na nukta iliyosahaulika. Kwenye baadhi ya mashine ukiandika X25 bila nukta inasoma 0.025. Weka nukta.

Kumalizia 25 k6

Hapa tusogee karibu. Umeacha 26.0 na unataka 25.008, katikati ya dirisha. Ukikata 0.9 kwa mpigo halafu 0.09 ya mwisho, hutapata unachotarajia, kwa sababu kazi na kifaa vinasukumana, na kata nene inasukuma zaidi ya kata nyembamba. Na ukibakiza kidogo mno, tuseme 0.01, ncha haiumi, inasugua, halafu ghafla inauma.

Njia inayotulia ni kugawa kilichobaki vipande sawa. Umebaki na 0.992, kata tatu za 0.33 hivi. Kata ya kwanza, pima. Uliomba 25.669, umepata 25.681, sawa, inaacha 0.012. Usirekebishe bado. Kata ya pili kwa hatua ileile, inseti ileile, mwendo uleule, pima. Ukipata tena ziada ya 0.012 au 0.011, sasa unaijua tabia yake, kwenye ya tatu punguza hiyo 0.012 kwenye ofseti, ile namba ya kurekebisha kifaa, ili ikate zaidi, na kata. Kwa sababu nguvu ni ileile mara zote tatu, kosa nalo ni lilelile, na kosa unalolijua sio tatizo.

Kabla ya kupima ile ya mwisho, subiri. Chuma kinatanuka kama sehemu 11.5 kwa milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi joto 1, na vipimo vyote vya uhandisi vinahesabiwa kwenye nyuzi 20. Shafti iliyotoka kukatwa ikiwa na nyuzi 50, kipenyo cha 25 kimevimba karibu 0.009. Utasoma 25.010, utasema nzuri iko ndani, utaenda kunywa chai, ukirudi ni 25.001 na iko nje ya k6. Dirisha lilikuwa 0.013 na joto peke yake limekula 0.009. Aluminiamu ni mbaya zaidi, inatanuka karibu mara mbili. Ipoze kwa kulanti, iache ifanane na joto la maikromita, na usiishike kiganjani muda wote unapopima.

Kupima kwenyewe

Kalipa ni ya kupanga na kutoa nyama, kwa k6 iweke pembeni. Utaratibu wa karakana nyingi ni kwamba kifaa cha kupimia kisome kidogo mara 10 kuliko toleransi, yani kwa dirisha la 0.013 unataka kitu kinachosoma 0.001. Maikromita ya 25 hadi 50 ihakikishe kwanza kwenye bloku ya kupimia ya 25, futa nyuso za maikromita kwa karatasi safi, tumia ile racheti ya mwisho, usikaze kwa hisia zako. Pima sehemu tatu kwenye urefu wa 15, karibu na ncha, katikati, karibu na bega, na kila sehemu zungusha robo upime tena. Ukikuta ncha ndogo kuliko bega basi senta ya nyuma haijanyooka au inseti imechoka njiani.

Tundu la 52 H7 pima kwa geji ya tundu yenye daili, iliyowekwa sifuri kwenye ringi ya kiwango au maikromita. Tundu dogo la 8 H7 lililopitishwa rima, kifaa cha kumalizia tundu, geji ya kuingia na kutoingia inatosha, upande mmoja uingie, wa pili ugome. Na kwa kuyumba, irudishe shafti kati ya senta, weka daili kwenye 25 ya kwanza, zungusha, halafu ya pili. Ukiona 0.008 na 0.010 hapo ndo unaona faida ya yale matundu ya senta uliyoyatoboa mwanzo.

Ukitengeneza nyingi, pima ya kwanza kila kitu kwenye mchoro, hata zile zisizobana, ndipo uendelee. Baada ya hapo pima zile zilizopakwa rangi kila vipande kadhaa na uandike. Inseti inalika taratibu, kipenyo kinapanda, utaona namba zinatembea 25.008, 25.010, 25.011, na unarekebisha ofseti kabla hazijafika 25.015.

Usalama, haraka haraka: usivae glavu kwenye kitu kinachozunguka, mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko, funguo ya chaki isibaki kwenye chaki hata sekunde, na yale maranda ya chuma marefu yavute kwa ndoano mashine ikiwa imesimama. Yanakata kama wembe.

Ikitoka kwenye mashine

Kingo zote bado zina ule ukali unaobaki, upunguze 0.2 hadi 0.5 kwa tupa au kifaa cha kukwangua, ila kaa mbali na uso wa beringi. Ukali ukibaki kwenye kingo ya 25, beringi inausukuma mbele na kipande kinalala kwenye bega.

Kama shafti itapelekwa kuchomwa iwe ngumu, mpango wote unabadilika: acha ziada ya 0.3 hivi kwenye kipenyo, maana joto litaipindisha, halafu imaliziwe kwenye mashine ya kusaga kwa jiwe, matundu ya senta yakiwa yamesafishwa kwanza. Kama itapakwa zinki, kila uso unaongezeka unene wa koti na kipenyo kinaongezeka mara mbili ya huo unene, kwa hiyo koti la maikroni 8 linaongeza 0.016 kwenye kipenyo. Hiyo ni zaidi ya dirisha zima la k6, kwa hiyo uliza sehemu za beringi zizibwe wakati wa kupaka.

Mwisho ioshe, ipake oili nyepesi maana jasho la vidole linaacha kutu kwenye uso uliosafishwa, ifunge kwenye karatasi ya oili, na uandike namba ya mchoro pamoja na toleo lake. Lile toleo liandike kweli, kwa sababu mchoro unaweza kuwa umebadilishwa wakati wewe uko kwenye leizi.